Balbu Mpya Kabla ya Wazee Kufika

Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025. Asubuhi hiyo Garissa ilikuwa na mawingu yasiyo na nia ya mvua, na upepo ulikuwa ukisukuma vumbi tangu alfajiri.

Dahir alikuwa ameswali, na kama juzi na jana, usingizi ulimkataa. Alipiga magoti nyuma ya gari lake kuukuu la kubebea maziwa ya ngamia, bisibisi mkononi. Juzi jioni alifunga breki ghafla kwa sababu ya mbuzi, na Yakub, kijana wa bodaboda, akamvaa kwa nyuma. Sasa Yakub alikuwa amelala hospitali, mguu umevunjika. Saa tatu wazee wa pande zote mbili wangekuja kuliangalia gari kabla ya kusema neno, ndivyo wafanyavyo. Wakiona taa za breki zinawaka, kosa ni la Yakub. Zisipowaka, ni la Dahir.

Balbu ya kushoto alikwisha kuibadilisha. Ya kulia ilimsumbua. Alipoichomoa, harufu ya maziwa yaliyochacha ilimpanda puani. Maziwa yalikuwa yamevuja kutoka kwenye madumu, yakaingia ndani ya taa, yakaacha kutu ya kijani. Akaikwangua kwa ncha ya kisu, akapachika balbu mpya, akaizungusha mpaka ikashika.

Hawo, mchuuzi wa maziwa anayesafiri naye kila siku, alifika na madumu yake matupu.

"Eddo, ingia ukanyage breki, nione," Dahir alisema. Alimwita eddo, yaani shangazi, ingawa kilichowaunganisha ni biashara tu.

"Hii?"

"Hiyo ni klachi."

"Mbona mmezipanga kama meno ya mzee?" Akakanyaga nyingine. "Je?"

"Imewaka."

"Alhamdulillahi. Na juzi, nilipokuwa nimekaa humu humu, mbona hukuniita nikanyage?"

Dahir alifuta mikono kwenye kikoi.

"Mwezi mzima nakuambia maziwa yanatiririka kwenye taa," Hawo aliendelea. "Ukanijibu maziwa hayaumi chuma."

"Nimechoka, eddo."

"Najua. Na mama yake Yakub amechoka pia. Mimi sitasema kitu. Neno hili ni lako."

Wazee walifika, watano. Mzee Abdijabar, aliyewaongoza, hakuketi. Alizunguka nyuma ya gari, akamwambia Dahir akanyage breki. Taa zote mbili zikawaka, nyekundu safi.

Keynan, baba yake Yakub, alizitazama kwa muda mrefu. "Basi mwanangu ndiye aliyekosa," alisema polepole. "Mtusamehe."

Dahir alibaki kwenye usukani, mguu bado uko kwenye breki. Magoti yalimuuma, macho yalimchoma. Kwa siku mbili alikuwa akimwomba Mungu usingizi, na sasa alielewa kwa nini hakupewa. Akashuka, akasimama mbele ya Keynan.

"Adeer," alisema, yaani ami, "usiombe msamaha. Taa hizi nimezitengeneza leo asubuhi. Juzi zilikuwa zimekufa, nami nilijua."

Abdijabar aliegemea fimbo yake. "Endelea," alisema.

"Nasema mbele yenu nyote, na eddo Hawo anasikia: kosa ni langu. Mpaka Yakub atembee kwa miguu yake, mimi ndiye nitakayempeleka hospitali na kumrudisha nyumbani. Na wallahi, gari hili halitatoka asubuhi kabla mtu hajasimama nyuma yake na kuniambia taa zinawaka."