Lenga Kuukosa

Tangu ile karatasi ibandikwe kwenye mlango wa ukumbi, Bernadeta hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anatafuta la kufanya, na la kufanya likikosekana anachukua brashi na kuisugua meza ya biliadi aliyokwisha kuisugua mara mbili asubuhi hiyo. Karatasi ilisema jengo sasa ni mali ya umma. Ukumbi ungekuwa wa wafanyakazi wa viwanda vya Chang'ombe, na kamati yao ingekutana Jumamosi saa tisa alasiri kumchagua mtunza meza. Ilikuwa mwaka 1971.

Miaka sita alikuwa mfagiaji pale. Alitoka Masasi akiwa mjane, na mwenye ukumbi, mzee mmoja wa Kihindi aitwaye Bandali, alimkuta siku moja akisukuma mipira kwa mkono na kuangalia inavyogongana. Badala ya kumfokea, akampa fimbo. Toka hapo walicheza kila asubuhi kabla wateja hawajafika.

Bandali alipenda kitu kimoja kuliko vyote: kuuparaza mpira. Mpira unaoutaka umebanwa kwenye ukingo wa meza, shimo liko kule pembeni, na mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, unatoka mahali ambapo mtu yeyote angesema haiwezekani. Hapo ule unaoutaka huupigi. Unaugusa unywele tu.

"Lenga kuukosa," alikuwa akimwambia. "Ukilenga kuupiga, utaupiga mno. Na mweupe usiupige katikati. Uupige kando, upande ulio mbali na shimo, uende unazunguka. Ila angalia, ukiupiga kando haunyooki, unakwepa kidogo upande wa pili. Hesabu hiyo uifanye kabla hujainama."

Ilimchukua mwaka mzima kuielewa hesabu hiyo, na si kwa kichwa. Kwa mkono.

Jumamosi ikafika. Wanakamati walikaa kwenye mabenchi, mwenyekiti wao Adelard katikati, mtu mpole mwenye miwani. Bandali alikuja kukabidhi funguo. Alipokwisha kuzikabidhi hakuondoka. Alisimama karibu na dirisha, mara anafunga kifungo cha koti, mara anakifungua.

"Ndugu zangu," Adelard alisema, "jina tulilonalo ni la Ndugu Gaudens. Nyote mnamfahamu, ndiye bingwa wetu wa meza. Kuna mwingine?"

Bernadeta alikuwa mlangoni na brashi mkononi. Alisikia sauti yake kabla hajaamua kusema.

"Nipo mie, Ndugu Mwenyekiti."

Watu wakacheka. Gaudens, fundi mitambo mwenye mabega mapana, akacheka kuliko wote. "Mama, kufagia utaendelea kufagia. Hakuna anayekufukuza."

"Meza hii naijua kukushinda."

"Kuifuta?"

"Kuicheza."

Kicheko kikazimika. Adelard akavua miwani, akamtazama, akaivaa tena. "Basi chezeni," akasema. "Mchezo mmoja."

Walicheza. Mwanzoni Bernadeta alikosa mipira miwili ambayo asubuhi angeifunga huku akipiga soga. Gaudens alicheza kwa nguvu, mipira ikilia kama mtu anapasua kuni. Lakini mwenye nguvu huacha mipira ovyo, na Bernadeta akaiokota mmoja mmoja, mpaka ukabaki mweusi peke yake. Atakayeuingiza ameshinda.

Gaudens akaujaribu, akaukosa. Mweusi ukaenda kubanana na ukingo mrefu. Mweupe ukasimama upande wa pili wa meza, takriban mkabala nao. Gaudens akatabasamu, akaegemea ukuta. Hapo hapana njia.

Bernadeta hakumtazama Bandali. Akapaka chaki, akainama, akalenga hewa tupu kando ya mweusi, akapiga.

Mweupe ulivuka meza ukizunguka, ukagonga ukingo, ukarudi. Kwenye mabenchi hakuna aliyesikia kitu kingine. Kisha mweusi ukajitikisa kama mtu aliyeamshwa usingizini, ukaanza kuambaa na ukingo, polepole mno, ukafika shimoni na kutumbukia.

"Haukuguswa!" Gaudens alipiga kelele. "Meza imeinama! Si yeye anayeitunza? Mpira umejiendea wenyewe!"

"Umeguswa," Bandali alisema kutoka dirishani. "Nimesikia mie."

"Wewe utaacha kusema hivyo? Mfanyakazi wako huyo!"

Minong'ono ikaenea kwenye mabenchi. Bandali akakirudia kifungo cha koti. Wiki mbili tu zilizopita neno lake ndilo lililomaliza ubishi wote kwenye meza ile.

Bernadeta aliona uso wake, na hasira ikampanda. Akautoa mweusi shimoni, akaurudisha pale pale, na ubavu wake akaupaka chaki ya buluu. Akaufuta mweupe kwa khanga, akauweka mahali pake.

"Kama meza imeinama, tusubiri ujiendee."

Wakasubiri. Mweusi haukusogea.

"Sasa napiga tena. Nikiugusa, mweupe utarudi na mstari wa chaki, si nukta ya fimbo tu."

Alipiga, akaukosa kabisa. Mtu akacheka. Alijua kosa lake: alitaka mno. Akaomba mara moja zaidi, na Adelard akakubali kwa kichwa, Gaudens akilalamika.

Safari hii alilenga kuukosa, na akawa radhi kuukosa. Mweupe ukavuka, ukarudi. Mweusi ukaambaa na kutumbukia. Adelard akanyanyuka mwenyewe, akauokota mweupe, akaugeuzageuza mbele ya miwani. Palikuwa na mstari wa buluu, mwembamba kama uzi.

"Njoo uone, Ndugu Gaudens," akasema.

Gaudens akaja, akaona, akarudi kukaa. Kura zikapigwa kwa mikono. Mkono wa Gaudens haukupanda, lakini iliyopanda ilitosha.

Bernadeta alipogeukia dirisha, Bandali alikuwa amekwisha kutoka. Akamkimbilia, akamkuta njiani anakwenda haraka haraka.

"Mzee! Hata kunipa mkono?"

Alisimama, akampa mkono. "Mara ya pili uliinua kiwiko," akasema. Macho yalikuwa mekundu. "Usiinue kiwiko, Bernadeta." Akaenda zake. Mwezi uliofuata alihamia Mombasa kwa dada yake Maryambai, na hakurudi.

Jumatatu Gaudens alikuja ukumbini peke yake, akazunguka meza mara tatu bila salamu.

"Ule unaupigaje?" akauliza hatimaye.

Bernadeta alitaka kumfukuza. Alitaka pia kucheka, na kulia. Mikono ilikuwa haitulii bado. Akaishughulisha: akachukua fimbo mbili ukutani, akampa moja.

"Kwanza," akasema, "punguza nguvu."