Mtaa Usioinuka

Fundi wa sauti alimleta shangazi yake kazini kwa nia njema kabisa. Kampuni yao ilikuwa inatengeneza gemu la mji mzima, mji ambao mchezaji anauzunguka atakavyo, na kila asubuhi mkurugenzi aliimba wimbo uleule: "Nataka mji wenye uhai!" Milango inayolia, nyundo, watu wanaogombana ngazini, vyote fundi alishavirekodi. Kilichokosekana ni mdomo, na mkurugenzi akamtuma fundi akautafute. Na kwa mdomo, ukoo wao haujazaa mtu wa kumfikia shangazi, mshonaji anayeweza kukusalimia, kukusuta na kukuuliza utaoa lini kabla hujavuka kizingiti.

Basi shangazi akaongea mbele ya maikrofoni mpaka koo likamkauka. Wachoraji wakamchora awe mshonaji wa ndani ya gemu, wakamtengenezea kibaraza na cherehani. Mvua ikinyesha ndani ya gemu, anakusanya vitambaa vyake huku akiitukana.

Siku ya kuwaonyesha wageni, shangazi naye alialikwa. Alikaa safu ya nyuma, kavaa gauni alilojishonea, akawanong'oneza waliokaa kando yake, "Ngojeni, sasa hivi mtanisikia."

Wakamsikia. Kwenye skrini, mkurugenzi alipandisha gari kibarazani makusudi, akamgonga mshonaji. Mshonaji akarushwa juu kama gunia, na akiwa bado hewani sauti ikamtoka: "Karibu tena, mwanangu!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mkurugenzi akarudi nyuma, akamgonga tena.

Fundi akasukuma kiti nyuma. Akasimama. "Zima!"

"Kaa chini, dada," mkurugenzi akasema. "Ni mchezo tu, yule si mtu."

"Kama si mtu, mbona ulinituma nikakutafutie mtu?"

Hapo shangazi akainuka. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliinyooshea skrini kidole. "Huyo muuza chai si jirani yangu? Na huyo kinyozi? Nimegongwa mbele ya macho yao, hata mmoja hakuinuka! Mji wenye uhai ndio huu? Mimi naona maiti zinatembea."

Kicheko kikakatika. Shangazi akachukua mkoba wake, akaondoka.

Ofisini, mkurugenzi alifoka kwamba ameaibishwa.

"Umemcheka mama wa watu mbele yake," fundi akamjibu, "halafu aliyeaibika ni wewe? Ama majirani wainuke, ama sauti ya shangazi yangu inatoka leo hii."

"Unanitisha?"

"Nakwambia."

Mkurugenzi alikubali shingo upande, maana bila sauti ile mtaa ulikuwa bubu. Fundi na mwandishi wa programu, ambaye naye siku ile alikuwa amecheka na sasa hakuthubutu kumtazama usoni, wakaingia kazini. Walipomaliza, mkurugenzi akajaribu mchezo wake wa siku zote. Safari hii kinyozi alitupa mkasi akakimbia, muuza chai akamvuta mshonaji pembeni, na watu wakamiminika kutoka kila mlango, wakalizingira gari.

"Sasa nitapitaje?"

"Shuka, uombe radhi," fundi akamwambia.

"Hakuna kitufe cha kuomba radhi!"

"Basi hupiti."

Mkurugenzi akatoka, mlango akaubamiza. Fundi akampigia shangazi simu.

"Wameinuka, shangazi."

"Vizuri. Na yeye je, amesema lolote la kunifikishia?"

"Amebamiza mlango," fundi akajibu.

"Basi huko usinialike tena," shangazi akasema, na cherehani ikasikika ikianza kunguruma.