Pambo la Hillary

Mwaka huo Mektilda aliamua kwamba mti wake wa Krismasi hautawekwa kitu chochote cha dukani. Majirani zake wa dukani, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, walishangaa, maana yeye mwenyewe ni mwenye duka. Anauza nguo za watoto wachanga kwa jumla, na ikifika Novemba hushusha pia maboksi ya taa za kumeremeta na vipira vya kung'aa kwa ajili ya wateja wa mikoani.

Kwa kawaida familia nzima husafiri hadi Kilimanjaro kula sikukuu kwao Marangu. Safari hii Angela, binti yake mkubwa, alikuwa amejifungua majuzi na amekuja Magomeni kwa mama yake kulelewa uzazi. Kusafiri asingeweza. Basi Mektilda akasema wote watakula sikukuu Magomeni, na mti watakaoupamba utakuwa na mambo yao wenyewe. Akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akatoa vitu alivyovitunza tangu wanawe wakiwa wachanga: viatu vyeupe vya ubatizo vya Angela, na kofia ya manjano ya Joyceline, binti wa pili, iliyofumwa na bibi yake mzaa baba. Akavitia kwenye mfuko, akavipeleka kwa Sitara.

Sitara ni fundi cherehani. Hushonea barazani, mlango wa pili kutoka dukani kwa Mektilda, na wanawake hawa wawili wamekunywa pamoja chai ya asubuhi tangu wakiwa wasichana. Ni Mwislamu, mzaliwa wa Kariakoo hapohapo, na mti wa Krismasi hakuwahi kuupamba. Lakini nguo ya mtoto anaijua. Alipoigeuza ile kofia na kuona nondo walivyoila upande mmoja, akashika mkasi, kisha akasita.

"Mama Angela, una hakika? Nikikata, ndiyo basi tena."

"Kata, Mama Ummy. Imekaa sandukuni miaka yote hii haionwi na mtu. Ikining'inia mtini tutaiona wote."

Sitara akakata. Sehemu iliyoliwa akaitupa, iliyobaki akaizungusha kwenye kipande cha sponji na kuikusanya juu kwa utepe mwekundu. Kiatu hawakukikata. Walikijaza pamba, wakafunga kamba zake upya na kupitisha utepe kisiginoni. Mektilda alitia shanga kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa mshonaji, na shanga zilikaa upande, lakini hakukubali Sitara azifumue.

"Na pambo la Hillary?" Sitara aliuliza.

Mektilda akaichomeka sindano kwenye kimto cha sindano. Hillary ni mtoto wa marehemu mdogo wake wa kike. Mama huyo alifariki Tabora, na mtoto akaletwa Dar akiwa na miaka mitatu, amevaa kaptura ya kuazima, bila hata mfuko wa nguo. Kiatu chake cha kwanza, kofia yake, shuka aliyopokelewa nayo siku ya kuzaliwa, hakuna aliyejua viliishia wapi. Sasa ni mwanamume mwenye ndevu zake, ndiye anayesimamia stoo ya Mektilda, na ukimwita mtoto wa kufikia mbele ya Mektilda utajuta.

"Nenda soko la mitumba Mchikichini," Sitara alimshauri. "Viatu vya watoto vimejaa tele. Chagua kimoja kilichochakaa kidogo. Nani atajua?"

Kesho yake Mektilda akaenda. Katika rundo la viatu vya mtumba alikiona kimoja cha ngozi ya bluu, kimekwaruzika puani, kizuri sana. Akakiweka kiganjani. Kilikuwa kimevaliwa na mtoto fulani, na mtoto huyo alikuwa na mama yake. Akakirudisha, akamshukuru muuzaji, akaondoka.

Mektilda si mtu wa kukaa na jambo likamkaba. Alifululiza hadi stoo, akamkuta Hillary anapanga maboksi.

"Nimewatengenezea dada zako mapambo kwa vitu vyao vya utotoni," alimwambia. "Chako sina. Nimetaka kukununulia cha mtumba, nikaona nitakuwa nakudanganya. Bora nikwambie mwenyewe."

Hillary akakalia boksi. Mektilda, kwa mara ya kwanza tangu aanze shughuli hii, alijiuliza kama hakugusa kidonda.

"Mama," Hillary akasema, "ile mbeleko iko wapi?"

"Mbeleko ipi?"

"Ya kahawia, yenye samaki. Uliyokuwa unanibebea."

Mektilda akaikumbuka. Mtoto yule alikuwa akiwekwa chini analia, basi akambeba. Aliuza dukani naye mgongoni, miguu ya mtoto ikimgonga mapajani, wateja wakimcheka kwamba anambeba mzee mwenzake. Alimbeba hivyo mpaka siku mtoto alipoomba mwenyewe kushuka.

"Nilikuwa nautafuna upindo," Hillary alisema. "Mpaka leo nakumbuka ladha yake."

"Anayo Angela. Kitenge kikizeeka kinakuwa laini, nikampa amfunikie mtoto."

Jioni wakarudi pamoja Magomeni. Mtoto alikuwa amelala, kafunikwa kitenge chenyewe. Mektilda alipoeleza, Angela alimfunika mwanawe kanga, akakikung'uta kitenge na kukitandaza kitandani.

"Pembe ipi?" akamuuliza kaka yake.

Hillary akazipapasa moja moja mpaka akaipata iliyochakaa nyuzi. Angela akashika upande mmoja, yeye akashika mwingine, mama yao akakata.

Walipompelekea Sitara kipande hicho, alitaka kuukunja ule upindo ndani ili kazi iwe safi. Hillary akamwomba auache. Basi pambo likawa la mviringo, limejaa pamba, jicho la samaki kwa mbele, na nyuzi zimening'inia chini. Sitara alilishika mbele ya dirisha akaligeuzageuza. "Hili ndilo zuri kuliko yote," alisema, na Mektilda hakumbishia.

Siku ya Krismasi, baada ya misa, Joyceline alifika kutoka Dodoma na mabegi yake. Sitara naye alikuja na binti yake Ummy, wamebeba visheti. Kila mtu alitundika pambo lake. Joyceline akasogea nyuma kuutazama mti.

"Mbona la Hillary kubwa kuliko yetu?"

Mektilda alikuwa anapakua pilau. Hakugeuka.

"Nilipompata alikuwa mkubwa kuliko nilipowapata nyinyi," alisema. "Njooni mle kabla halijapoa."