Wanawake wa Ukurasa wa Nne

Jumanne jioni Delphine Okemow alikuwa anamenya viazi jikoni kwa mama yake, kando ya ziwa, kaskazini mwa Saskatchewan, mtu akapiga hodi. Aliyeingia ni yule mwanamke ambaye Delphine alimwigiza kwenye filamu Ijumaa, aliyekufa maji ukurasa wa nne wa skripti. Alikung'uta theluji miguuni, gauni likichuruzika maji.

"Nimekuja kuuliza jina langu," alisema. "Kwenye skripti wameniandika 'Mwanamke wa Mtoni' tu."

Delphine hakulijua. Mama yake, Philomene, alichota supu ya sungura.

"Wewe ni Agathe. Keti ule. Na wewe Delphine, ukialika watu uwe unasema mapema. Sungura mwenyewe mmoja!"

Miaka kumi na mmoja iliyofuata, Delphine aliitwa mjini kuigiza Wakrii wenzake, wenyeji wa asili wa Kanada, na karibu wote waliuawa kabla filamu haijakolea. Kila aliyekufa alikuja. Walifika kumi na tisa. Walilala sebuleni, wakapasua kuni, wakagombania rimoti. Padri alipopita aliwapa mkono kama waumini wengine.

Ndio waliomfanya mwandishi. Alichoka kusikia manung'uniko yao, akanunua daftari.

"Haya, mmoja mmoja. Usingekufa, siku ile ungefanya nini?"

Agathe alisema angekwenda kumsuta shemeji yake mbele za watu. Mwingine, aliyepigwa risasi, alitaka kucheka tu. Hakuna aliyewahi kumwandikia kicheko. Delphine aliandika hadi barafu ya ziwani ikayeyuka.

Mtayarishaji mmoja wa Toronto aliisoma skripti, akamwita ofisini kwake.

"Nzuri sana, dada. Ila mwishoni afe mmoja, watu walie."

"Yupi?"

"Yeyote."

Wanawake wote walikuwa wamesimama nyuma ya Delphine. Agathe alimdondoshea maji mezani. Mtayarishaji akasogeza karatasi zake. Delphine akachukua skripti yake, akaaga.

Filamu waliipiga wenyewe, yeye na wanawake wale, ziwani, wiki tatu, kwa kamera ya kuazima. Marehemu walijiigiza, na walitoka vizuri, ila mmoja alihitaji taa zaidi. Ilipoonyeshwa kwenye ukumbi wa shule, Philomene alicheka mpaka meno ya bandia yakamtoka. Delphine alisimama kushukuru, akawatazama wale wa safu ya mbele.

"Nyinyi ndio mlionilea katika kazi hii," alisema. "Ahsanteni kwa kuja kwangu, hamkwenda kwingine."

"Tungeenda wapi?" Agathe akajibu. "Kwenu kuna supu."

Filamu ikapata tuzo. Mwezi uleule mtayarishaji wa Toronto akamletea skripti mpya: mwanamke asiye na jina, anakufa ukurasa wa nne. Delphine akaikataa. Nafasi akapewa Shaylene, msichana wa kijiji cha pili.

Baada ya majuma machache Shaylene akapiga simu.

"Shangazi, kuna mama mlangoni kwangu, ana jeraha kifuani. Amekaa tu kwenye ngazi."

"Amekula?"

"Bado."

"Mpe chakula kwanza, mwanangu. Jumamosi njoo naye, tuandike."