Mwavuli wa Raundi ya Tatu

Roketi ya pili ilikuwa imelala kwenye kitanda chake cha sponji ndani ya sanduku, na tangu timu iwasili hapakuwa na mtu aliyeigusa isipokuwa waamuzi wa vipimo. Hao waliitoa, wakaipima urefu, unene na uzito, wakagonga muhuri kwenye bomba lake jeupe, wakairudisha. Sentimita hamsini na mbili. Gramu kumi na moja. Hawakuomba kuona mwavuli uliokunjwa ndani. Mwenye sanduku alishusha pumzi, akalifunga, akatia sahihi.

Nyumbani mwanamke huyo alikuwa fundi wa kusugua lenzi za miwani. Timu ilimwita Milimita, jina alilopewa na kaka yake siku alipokataa kubandika pezi la roketi kwa sababu lilikuwa limepinda kwa kiasi ambacho wenzake hawakukiona hata walipooneshwa. Kaka alikuwa fundi wa majokofu, na kwa miaka tisa alikuwa mkono wa kutegemewa wa timu ya taifa. Dada alikuwa wa nne kwenye mchujo, yaani mchezaji wa akiba. Mwezi wa tatu kaka akafariki kwa maradhi ya figo, na wa akiba akawa mchezaji. Shati la timu lilikuwa la kaka. Mikono yake mifupi ilimfika chini ya viwiko. Alilivaa kwa kuwa la kwake halikuwahi kushonwa.

Watu walimuuliza anajisikiaje, naye aliwajibu kwamba yuko salama. Hakuwa anadanganya. Alikuwa kama mdomo uliochomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: uligusika, ulifanya kazi, ulisema maneno yaliyotakiwa, lakini haukuwa wake.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, hauna maneno mengi. Roketi inapanda kwa injini yenye ukubwa wa kidole. Ikifika juu, injini inalipua baruti kidogo ndani ya bomba, mwavuli unasukumwa nje, na kinachopimwa ni muda wa kukaa hewani. Mwavuli ni wa plastiki inayong'aa, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na ukitandazwa unafunika meza ya watu wanne. Dakika tano ndio mwisho; zaidi ya hapo waamuzi hawahesabu. Raundi ni tatu, na kila mchezaji ana roketi mbili tu. Iliyochukuliwa na upepo ikapotea, imepotea.

Roketi ya kwanza ya Milimita, aliyoitengeneza mwenyewe, ilimpa dakika tano kamili katika raundi ya kwanza. Waliiokota kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mwavuli umechanwa na mabua, akaivisha roketi mwavuli wa akiba. Raundi ya pili ikampa dakika tano nyingine, kisha ikaendelea kupanda. Ikawa nukta. Halafu nukta nayo ikaisha.

"Hiyo imeshaaga, imehama nyumba," alisema Hamira, akishusha darubini. Hamira alikuwa muoka mikate, baba wa watoto wanne, na jina lake lilitokana na kazi yake pamoja na tabia ya roketi zake kupanda taratibu kana kwamba zinaumuka. "Usisikitike, Milimita. Dakika kumi kwa mbili, nani mwingine anazo hapa?"

"Sijasikitika," alisema Milimita.

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

Nahodha wao, Mwalimu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na bado akiwasahihisha watu wazima kwa kidole, aliandika tarakimu nyuma ya ratiba ya chakula. Alimaliza, akarudia kwa wino mwingine, ndipo akazungumza.

"Tuko wa nne. Mimi nimemaliza, Hamira kamaliza. Umebaki wewe. Ukikaa hewani dakika tatu na nusu, tunapanda jukwaani. Hatujawahi kupanda."

"Nisiporusha?"

"Sifuri. Tunakuwa wa nane." Akakunja karatasi. "Lakini najua umebaki na ipi, dada yangu. Mimi sikuamrishi. Uamuzi ni wako, na nitakaloandika ni utakaloamua."

Iliyobaki ilikuwa ya kaka. Aliijenga kwa ajili ya mashindano haya kabla hajalazwa, na siku tatu kabla ya kufariki aliukunja mwavuli wake kwenye kimeza cha chakula cha wagonjwa, poda ya kuuzuia usigandane ikamwagika kwenye shuka mpaka nesi akauliza kama hapa ni wodi au ni jikoni kwa watu. Kaka alicheka mpaka akakohoa. Aliusokomeza mwavuli ndani, akaziba bomba kwa ncha yake nyeusi, akamkabidhi dada. "Hii ya raundi ya tatu," alisema. Ni mambo ya mwisho aliyoyafanya kwa mikono yake. Baada ya hapo mikono ililala juu ya blanketi.

Mama yao aliiweka roketi hiyo juu ya kabati la vyombo, karibu na picha. Kanuni zilitaka roketi mbili, na binti alipokuja kuichukua, mama alimshikilia kwenye kiwiko. "Ipeleke ikatembee," alisema. "Ila unirudishie, mwanangu. Kama ilivyo. Sijakuomba kitu kingine mwaka huu." Binti alisema sawa, Mama. Aliahidi akijua ana roketi nyingine, na kwamba mara nyingi roketi moja hutosha.

Sasa alikaa kwenye kiti cha kukunja, sanduku mapajani. Zilibaki dakika ishirini na sita raundi ifungwe. Katika njia za jirani za kurushia roketi, timu nyingine zilisimamisha fito ndefu zenye nyuzi za utepe unaong'aa kileleni, zikiviziavizia hewa ya moto inayopanda, ambayo Hamira aliiita lifti.

Hamira akachuchumaa kando yake. "Nikwambie kitu? Irushe kama ilivyo. Usifungue. Yeye ndiye kakunja, yeye ndiye karusha. Hata Mama ukimwambia hivyo ataelewa."

"Kaka alikuwa anasema nini kuhusu mwavuli uliolala umekunjwa?"

Hamira akajikuna shingo. Kanuni hiyo aliijua kama alivyojua namba ya simu yake. Mwavuli hukunjwa dakika kumi kabla ya kurushwa, kamwe si zaidi, kwa sababu plastiki hiyo ikikaa hushika mikunjo, hujigandia yenyewe, na huko juu hutoka kama kijiti.

"Alikuwa anasema ni kutupa injini bure," alikiri Hamira. "Lakini na yeye huyo huyo aliukunja miezi minne kabla."

"Ndiyo."

"Labda alikuwa na maana yake."

"Labda alikuwa mgonjwa," alisema Milimita. "Kashike fito."

Hamira akaondoka bila kisirani. Milimita akalifungua sanduku.

Aliishika roketi kwa vidole viwili, akaigeuza, akaangalia mapezi. Yote yalikuwa yamenyooka. Alingoja kidogo aone kama kitu kitatokea kifuani. Hakikutokea. Akaivuta ncha. Ilitoka kwa mlio mdogo wa kizibo, na baada yake akavuta mwavuli, polepole, kwa kibano cha kazini kwake.

Ulitoka kama kipande kimoja cha mti. Poda ilikuwa imegeuka mabonge. Alichungulia ndani ya bomba, akalielekeza kwenye mwanga, akachungulia tena, kwa jicho linaloona kasoro za lenzi ambazo mteja hazioni. Hapakuwa na pamba.

Chini ya mwavuli hukaa pamba isiyoshika moto, ukubwa wa nusu ya kidole gumba, inayoukinga na moto wa ile baruti. Bila pamba plastiki inayeyuka na kuwa tone. Kaka ndiye aliyekuwa akikagua pamba za wote. Mwaka mmoja Hamira alisahau ya kwake, na kaka akamzungusha uwanja mzima kwa miguu, pamba mdomoni, watu wa mataifa wakipiga picha. Na yeye mwenyewe, kwenye kimeza cha wodini, dada yake akiwa ameketi umbali wa mkono mmoja akimtazama vidole, hakuiweka. Wala dada hakuona. Alikuwa anaangalia mikono, hakuwa anaangalia kazi.

Aligeuza kiti kidogo, mgongo wake uwe upande wa Hamira na Mwalimu. Akachukua pamba kutoka kwenye kopo, akaifinyanga, akaisukuma chini kwa penseli. Mwavuli akautandaza juu ya ubao. Aliuachanisha palipogandana, kwa kupuliza. Palibaki mistari kumi na sita myeupe, isiyolingana. Ile ya mwisho mwisho ilikuwa inakwenda upande. Plastiki ikikunjwa mara ya pili mahali pale pale hukatika, kwa hiyo aliikunja kati ya mistari ya kaka, asiiguse hata mmoja. Poda mpya. Nyuzi. Ncha. Ilimchukua dakika saba.

"Ilikuwaje humo ndani?" aliuliza Hamira, Milimita alipofika kwenye nguzo ya kurushia.

"Sawasawa," alisema Milimita. Katika miaka yote waliyofahamiana, hicho ndicho kipimo pekee alichompa ambacho hakikuwa sahihi.

Utepe kwenye fito ulikuwa umelala. Waamuzi wawili wa njia yao, kila mmoja na saa yake ya kupimia muda, walipiga miayo kwa zamu. Zilibaki dakika tisa, zikabaki sita. Mwalimu alitembea huku na huko akihesabu hatua. Timu ya jirani ikarusha, ikapata dakika mbili, ikanung'unika kwa lugha yake.

Kisha upepo uliokuwa unagusa shavu la kushoto ukaacha. Nywele za shingoni zikahisi joto. Utepe ukayumba, ukainuka, ukasimama wima kama mtu aliyeitwa jina.

"Lifti!" Hamira alipayuka. "Bonyeza! Mama wee, bonyeza!"

Milimita alihesabu sekunde mbili zaidi, akabonyeza kitufe.

Roketi ikaondoka kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa. Moshi ukabaki, roketi yenyewe haipo. Juu, pah, mlio mdogo sana. Kwa nusu sekunde hapakuwa na kitu. Halafu kikang'aa kipande cha nuru, duara kamili, na lile bomba jeupe likaning'inia chini yake.

"Umefunguka!" alisema Mwalimu. "Umefunguka wote."

Dakika moja. Mbili. Duara lilipanda, halikushuka. Kwa darubini Milimita aliweza kuona mistari ya kaka na yake, iliyopishana, ikishika jua kwa zamu. Ilipofika dakika tatu na nusu Hamira aliruka na fito mkononi, akakaribia kumtoboa mwamuzi jicho. Dakika ya nne roketi ilivuka barabara. Dakika ya tano waamuzi wakabonyeza saa zao, wakaoneshana, wakaandika. Mmoja akamnyooshea Milimita kidole gumba. Milimita akatia sahihi, akairudisha darubini machoni.

Ilikuwa bado juu. Aliifuata ikipita juu ya mashamba. Ikawa nukta.

Waliitafuta mpaka saa kumi na moja jioni, kwenye mashamba, nyuma ya ghala la mbolea, kando ya mfereji. Hamira alipanda paa la zizi bila ruhusa. Hawakuikuta. Jukwaani Milimita alisimama kwenye ngazi ya chini kabisa kati ya muoka mikate aliyekuwa analia wazi wazi na mwalimu aliyekuwa anajifanya ana mafua, akavishwa medali iliyokuwa nzito kuliko roketi mara kumi na tano. Alifanya hesabu hiyo pale pale.

Mama alipiga simu wakiwa wanafunga mizigo chumbani. Sanduku lilikuwa wazi kitandani, nafasi mbili za sponji zikiwa tupu.

"Nimeambiwa na majirani mmeshinda," alisema mama.

"Wa tatu, Mama."

"Hongera, mwanangu." "Na ile ya kaka yako?"

"Niliirusha."

Milimita alisikia maji yakichuruzika kwenye sinki huko nyumbani, kisha bomba likafungwa.

"Ilikaa juu kiasi gani?"

"Dakika tano."

"Halafu?"

"Baada ya hapo hawahesabu, Mama."

"Nimekuuliza wewe. Sikuwauliza wao."

Milimita aliketi pembeni mwa sanduku.

"Nilipoacha kuiona," alisema, "ilikuwa bado inapanda."

"Haya," alisema mama. "Umekula?"