Mtani Aliyevaa Koti la Marehemu

Otmar Gama alipopigiwa simu kwamba Avelini Kikoti amekufa, hakusema pole wala hakumtaja Mungu. Alisema, "Kumbe ameniwahi," akakata simu. Akarudi kwenye yai alilokuwa akikaanga katika chumba chake cha kupanga, chini ya nyumba ya watu huko Brampton, pembeni mwa Toronto, Kanada, na kwa hasira aliyokuwa nayo akaliacha likaungua.

Maana ugomvi wao ulikuwa haujaisha. Kikoti alikuwa Mhehe, Otmar Mngoni, na Mtanzania gani asiyejua maana yake? Mababu walichinjana weee, hakuna aliyemmaliza mwenzake, mwisho wakawa watani. Na mtani ana ruhusa. Atakuita mla mbwa mbele ya wakwe zako, atakunyang'anya kofia kichwani, na ukinuna wewe ndiye mshamba. Ndivyo hao wawili walivyoishi Toronto miaka yote. Kila Jumamosi Otmar aliendesha gari hadi Etobicoke, akapanda lifti ya ghorofa la kina Kikoti, wakakaa kwenye meza iliyojaa vijiaskari vya kuchezea. Kikoti alikuwa na wazimu wa vita vya Wazungu. Alipanga Waterloo, akapangua, akapanga Austerlitz, akapangua, akapanga Stalingrad, na milima yake ilikuwa vipande vya godoro.

Na siku zote Otmar alipewa upande wa walioshindwa. Akipewa Napoleoni, ni yule wa Waterloo. Akipewa jeshi la Wajerumani, ni lile la Stalingrad, katikati ya barafu, halina hata mkate. Kikoti alikuwa akisema Mngoni kaumbwa kushindwa, na Otmar akimwambia ale mbwa wake anyamaze. Wanacheka, wanakunywa chai, jioni mtu anarudi kwake.

Kilichowaharibia ni sherehe ya Uhuru, mwaka juzi, katika ukumbi wa kanisa. Kikoti aliombwa aeleze vita vilivyoigeuza dunia. Akasimama na picha zake ukutani, akaeleza Waterloo, akaeleza Stalingrad, halafu akaileta Lugalo, pale Wahehe walipokifyeka kikosi kizima cha Mjerumani. Ukumbi ulipiga makofi, na Otmar naye alipiga, tena kwa nguvu. Ndipo mtu wa nyuma akauliza, na Majimaji je?

Kikoti akasema ile haikuwa vita. Vita ni mpango, alisema, na watu waliojinyunyizia maji wakaenda kuzikabili bunduki za rashasha yeye hawezi kuwaita askari. Walikuwa wanajiua tu, na viongozi wao kamba waliistahili. Watu wakacheka, wakidhani ni dongo kwa Wangoni kama kawaida. Lakini Kikoti akitania alikuwa lazima akonyeze, na siku ile hakukonyeza.

Tena alikuwa anajua. Jumamosi moja Otmar alikuwa amemweleza, kwa sauti ya chini, kwamba babu mzaa babu yake alinyongwa Songea pamoja na manduna, wale wakuu wa vita wa Kingoni, na kwamba bibi yake alikuzwa kwa mizizi ya porini baada ya Mjerumani kuchoma maghala. Kanada nzima hakuna mwingine aliyewahi kuambiwa jambo hilo. Na huyo huyo ndiye aliyetaja kamba.

Otmar alimvizia mlangoni, akamtaka arudi ndani aseme mbele ya watu wale wale kwamba amekosea. Kikoti akajibu kuwa historia haiombi radhi. Hapo Otmar akamwambia neno ambalo mtani hamwambii mtani: utani umekwisha, kuanzia leo mimi ni adui yako. Hawakusalimiana tena.

Sasa adui kajifia, na kesho anazikwa. Marehemu hasemwi vibaya, hiyo kila mtu anaijua. Akishafukiwa, neno lake linabaki limesimama hivyo hivyo milele, na aliyenyongwa Songea anabaki mjinga aliyestahili kamba. Otmar alilifikiria hilo mpaka kichwa kikamuuma. Ni mtu mmoja tu anayeruhusiwa kumtukana maiti msibani, naye ni mtani. Basi atarudi kuwa mtani, kwa siku moja. Ni mbinu aliyofundishwa na Kikoti mwenyewe pale mezani: kikosi kinavaa sare ya adui, kinavuka daraja kikipungiwa mikono, kisha kinaanza kupiga. Kikoti alikuwa akiongeza kwamba askari wa namna hiyo akikamatwa hahesabiwi mateka. Anapigwa risasi papo hapo.

Msiba ulikuwa kwenye ukumbi wa chini wa lile ghorofa. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya kukunja. Otmar aliingia bila hodi, akavua koti lake akalitundika mlangoni, akachukua koti la kijivu la marehemu lililokuwa limewekwa kitini, akalivaa. Kisha akatembea ukumbini akiburuta mguu wa kushoto, vile vile alivyouburuta Kikoti.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mama Leokadia, mjane, macho yamevimba kwa kulia, alijifuta akasema afadhali mtani amekuja, msiba ulikuwa umepooza. Wala hakuuliza alikuwa wapi siku zote hizo.

"Mimi ndiye Kikoti," Otmar akaanza, "jemadari wa kwenye meza. Sijawahi kushika hata manati." Wakacheka. Akasema Kikoti aliwasifu Wahehe wa Lugalo akawaficha wale waliokuja kumsaidia Mjerumani wakati wa Majimaji. Wakacheka zaidi. Akasema Kikoti alipewa siri ya ukoo na rafiki yake akaiuza kwa makofi ya ukumbi mmoja. Mzee mmoja akajipiga mapajani. Otmar akapandisha sauti, akamwita marehemu mwoga, msaliti, mbwa aliyeng'ata mkono uliokuwa ukimlisha, na kila alichorusha kilipokelewa kwa vigelegele. Loo! Sumu ya miaka miwili, na watu wanainywa kama togwa.

Aliyekuwa hacheki ni Leokadia peke yake, binti wa marehemu. Alizaliwa huko huko Kanada, anasoma na kuishi Malvern, upande mwingine wa jiji, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Utani hakuwahi kufundishwa na mtu. Alinyanyuka kwenye mkeka, akaja akasimama mbele ya Otmar, akamuuliza kwa Kiingereza kama alimchukia baba yake.

Mama yake akamvuta gauni. Kaa chini mwanangu, akamwambia, hii ni mila yetu, huyu ni mtani.

Leokadia hakukaa. Alikuwa akiitazama mikono iliyotoka kwenye mikono ya lile koti.

"Mama, anatetemeka," akasema, safari hii kwa Kiswahili. "Huyu hatanii."

Kicheko kimoja kingemwokoa Otmar. Angeruka, angedai chai, angelala chini aseme amekufa, na mambo yangepita. Alishindwa.

"Ni kweli," akasema. "Sitanii."

Mzee aliyekuwa amejipiga mapajani akainamisha kichwa. Leokadia akauliza baba alifanya nini. Otmar akaeleza, bila kuburuta mguu: Jumamosi ile, manduna, mizizi ya porini, kisha kamba. Binti alibaki amesimama, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Basi hapo baba alikosea," akasema kwa Kiswahili chake cha kupapasa. "Babu yako hakustahili kamba. Mimi mtoto wake nasema, watu wote wanasikia." Akavuta pumzi. "Sasa vua koti la baba yangu. Toka."

Otmar akalivua, akamkabidhi. Alimwangalia Mama Leokadia, na mama akageuzia uso ukutani.

Alifika kwenye gari ndipo akagundua yuko na shati tupu, koti lake limebaki mlangoni pale ndani, na theluji inaanguka. Akawasha injini, akangoja. Alipata alichokifuata, tena mbele ya watu, na mdomoni mwake mlikuwa na machungu matupu. Siku yake ikifika hakuna Mhehe atakayekuja kuvaa koti lake na kuwachekesha watu. Wa kuifanya kazi hiyo alikuwa mmoja tu, na Otmar mwenyewe ndiye aliyemwambia utani umekwisha. Aliutazama ule mlango muda mrefu. Hakuna aliyemletea koti.