Kuonja Mbele za Watu

"Onja, mama," alisema mwalimu Spès.

"Baadaye, mwarimu."

"Baadaye hiyo ndiyo iliyokuangusha mwaka jana."

Donatille aliinua kijiko, akatupa macho huku na huku katika jiko la chuo cha ufundi. Wenzake walikuwa wameinamia vitunguu, hakuna aliyemwangalia. Hata hivyo mkono ulikataa kupanda mpaka mdomoni.

Alilelewa na mama aliyemfundisha kwamba mtu mwenye adabu hali mbele za watu. Hata hindi la kuchoma hajapata kulitafuna barabarani. Kwa miaka mingi alipika katika majumba ya Nyarutarama, akionja mchuzi nyuma ya mlango wa stoo, na hakuna tajiri aliyelalamika. Mwaka jana, siku ya mtihani, alifanya vivyo hivyo: alichota, akaingia stoo, akaonja, akarudi zake. Mtahini akaandika kwamba hakuonja kabisa. Mwacha mila ni mtumwa, sawa, lakini karatasi ya mtahini haina nafasi ya mila.

Chuo humruhusu mtu kurudia mtihani mara moja tu, na wa kurudia ulikuwa siku hiyo. Akianguka leo, kazi aliyoahidiwa katika jiko la hoteli moja ya Kimihurura atapewa mwingine, naye atarudi kwenye majiko ya watu. Samaki mkunje angali mbichi, walimcheka majirani alipojiandikisha. Yeye alijua amekauka zamani, ila aliitaka kazi ile kwa moyo wake wote, na aliogopa.

Spès, aliyekulia Bujumbura na ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake, alikuwa amekwisha kumbembeleza na kumgombeza bila mafanikio. Asubuhi hii alivuta stuli, akaketi karibu naye.

"Mama, kwenu, baba akikaribisha wageni pombe ya ndizi, nani alikunywa kwanza?"

"Yeye mwenyewe."

"Mbele yao?"

"Yego! Kama haonji, nani atakunywa? Watafikiri iko sumu ndani."

"Basi baba alikuwa mlafi?"

"Oya, hapana, mwarimu!" Donatille nusura akasirike. "Ile iko heshima ya mgeni."

Spès aliinuka, akaenda kuwakemea waliokata vitunguu vinene.

Mtihani ulipoanza, mtahini alikuwa Bwana Gatera, mtu wa tai na koti jeupe, asiye na mazoea ya kucheka. Alipita meza kwa meza na kalamu yake, mwishowe akaja kusimama begani kwa Donatille. Isombe ilikuwa ikitokota taratibu, majani ya mihogo yameshikana vizuri na karanga. Masikio ya Donatille yalipata moto. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, hatua chache tu kutoka pale.

Aligeuka, akamtazama mtahini usoni.

"Karibu, mzee," alisema, kama vile amemkuta mlangoni kwake.

Gatera alishtuka kidogo. Watahiniwa hawana kawaida ya kumkaribisha.

Donatille alichota, akapuliza, akaonja palepale. Aibu ilimpanda mpaka kwenye nywele, lakini alimeza.

"Chumvi iko kidogo," alisema kwa sauti, na kila mtu akasikia.

Akatia chumvi, akakoroga, akachukua kijiko safi, akaonja tena. Safari hii mkono haukubishana naye. Upande wa pili wa jiko, Spès alikuwa amejishughulisha na kupangusa sufuria ambayo tayari ilikuwa kavu.

Donatille alichukua kijiko kingine, akakijaza, akakinyoosha kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, ameinama kidogo.

"Sasa iko sawa. Kula, mzee."

Kwa utaratibu wa mtihani, chakula kilipaswa kuletwa mezani, kwenye sahani, baada ya kengele. Gatera alitazama karatasi yake, kisha akakitazama kijiko kinachofuka mvuke. Alichomeka kalamu mfukoni, akajifuta viganja kwenye koti, akakipokea kwa mikono miwili.